Begi Jeusi la Kaka Aroni

Ilula, 11 Februari 2024

Kaka Aroni,

Kamwene! Huku tu wazima, ila nyanya zinaiva kuliko walaji. Wifi Tusekile anaendeleaje na goti lake? Mwambie namsalimu na nimemwekea maharage mapya.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Nilipiga Alhamisi, ukasikia malori tu, ukakata. Meza yangu iko hatua kumi kutoka kwenye lami, na mambo ya mwili hayapigiwi kelele mbele ya wateja. Tena wewe ndiye uliyenizoesha barua tangu niko bweni, ulipokuwa unanirudishia zangu makosa yote yamepigiwa mstari mwekundu. Hii usiirudishe.

Kaka, nasinzia. Silali kwa uchovu, nasinzia kama mtu aliyepigwa rungu. Jumanne basi lilisimama, abiria wakatoa vichwa madirishani wanaita, "Mama nyanya! Mama nyanya!" Mimi nimekaa na ndoo mapajani, nimelala. Wamenicheka, mmoja kanipiga picha. Bertha wa meza ya vitunguu ndiye aliyeniuzia. Huyo Bertha alilala kwangu wiki ile ya mafuriko, na anasema nakoroma, halafu nanyamaza kabisa kama nimekata roho. Alihesabu mpaka ishirini, akanitikisa huku analia.

Wewe ulikuwa hivyohivyo kabla ya ile mashine yenye mkonga. Krismasi ile uliyokuja nayo nilikucheka mpaka mbavu zikauma. Sasa sicheki. Hebu nieleze wewe ulianzia wapi.

Mdogo wako,
Damari

---

Soweto, Mbeya, 19 Februari 2024

Mdogo wangu Damari,

Barua yako nimeisoma karakanani, nimekaa juu ya mbao za mninga, na nimeisoma mara tatu. Makosa ni mawili tu. Nimekusamehe.

Ugonjwa huo naujua, mimi na wewe tumeurithi kwa baba. Unakumbuka alivyokuwa akilala kanisani, mchungaji ananyamaza kumsubiri amalize kukoroma? Koo linajifunga usingizini, pumzi inakatika, mwili unashtuka kuitafuta. Usiku kucha ni vita hiyo, asubuhi unaamka umechoka kuliko ulivyolala.

Sasa sikiliza na usinibishie. Begi jeusi alilokuletea konda Jailos ndilo lenye mashine. Ni ile ile niliyopewa na wageni wa usharika. Ni yako. Mimi siihitaji tena. Daktari ameniambia nimepona, koo limezoea kukaa wazi.

Vaa barakoa kila usiku, kaza mikanda nyuma ya kichwa. Ndani ya kile kibakuli weka maji yaliyochemka yakapoa. Upepo nimeuacha palepale alipouweka daktari, kumi na nne. Usibonyeze kitu kingine. Baba yetu ni mmoja na koo letu ni moja, kilichonifaa mimi kitakufaa wewe.

Na usihangaike na kliniki. Mwaka wa kwanza nilikwenda kila walipoita. Nakaa kwenye benchi tangu asubuhi, daktari anachomoa kikadi kwenye mashine, anakitazama kwenye kompyuta, anasema, "Vizuri mzee, endelea hivyohivyo." Siku nzima ya kazi kwa maneno manne! Mashine hii ni kama miwani, ukishaipata unavaa tu.

Jambo moja. Wifi yako nimemwambia mashine iko kwa fundi. Unamjua kwa maswali. Yeye hata ningepona mara tatu angenivalisha tu. Kwa hiyo usimtajie kwenye simu.

Kaka yako,
Aroni

---

Ilula, 10 Machi 2024

Kaka Aroni,

Nikushukuruje mimi? Uliacha shule baba alipokufa ili mimi nisome, ukashika randa ukiwa na miaka kumi na saba. Nikafikiri umemaliza kunipa. Kumbe bado.

Mashine imefika salama na nimeivaa. Usiku wa kwanza nilimkumbuka marehemu mume wangu Eliezeri na ile barakoa ya oksijeni ya hospitali, lakini hayo yamepita. Sasa nalala kama mtoto mchanga. Inanguruma kama trekta, lakini nimeizoea. Bertha anasema uso wangu umenawiri. Mezani sisinzii tena, wateja watatafuta picha ya kupiga kwingine.

Nimekutumia tenga moja la nyanya. Za chini ni ngumu, zitakaa wiki. Na nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika kwamba umepona.

Wako mwenye deni lisilolipika,
Damari

---

Kliniki ya Kifua, Mbeya, 2 Aprili 2024

Mzee Aroni Kikoti,

Shikamoo. Ni mimi muuguzi Devotha, yule uliyenitania kwamba nasoma usingizi wa watu kama gazeti. Simu tumekupigia mara nne, kila mara unasema unakuja wiki ijayo. Nimeona niandike, maana barua huwezi kuijibu "haya haya" ukakata.

Umefika kwetu mara ya mwisho Machi 2022. Najua unajisikia mzima. Mzee wangu, hapo ndipo wengi wanapopotea. Mtu anajisikia mzima kwa sababu mashine inambeba, akiiacha ugonjwa anaukuta palepale alipouacha. Na hata asipoiacha, mwili haukai vilevile. Mtu ananenepa au anakonda, mikanda inalegea, hewa inavuja pembeni ya pua na yeye hajui kwa sababu amelala. Anayejua ni kadi peke yake, na kadi haina mdomo. Lazima mtu aisome.

Njoo na mashine Jumatano yoyote. Nitakuwekea nafasi ya kwanza, benchi hutalikalia.

Binti yako,
Devotha

---

Soweto, 15 Aprili 2024

Binti yangu Devotha,

Marahaba. Mungu akubariki kwa kunikumbuka. Mashine iko salama na inafanya kazi yake vizuri sana, inanipa furaha kila ninapoifikiria. Nina madirisha arobaini ya shule ya kumaliza kabla ya Juni, na vijana wa siku hizi ukiwapa kisogo wanapiga misumari mpaka kwenye vidole. Nikitulia nitakuja.

Weka tiki kwenye daftari lako, sema mzee yupo.

Mzee Aroni

---

Soweto, 28 Aprili 2024

Mdogo wangu Damari,

Nyanya zimeliwa, na tenga nimelifanya kiti cha karakanani. Barua yako naitunza kwenye sanduku la vifaa, pamoja na patasi. Nikichoka naifungua pale uliposema unalala kama mtoto mchanga.

Eti inanguruma kama trekta! Nimecheka peke yangu mpaka fundi mwenzangu akauliza kuna nini. Kwangu ilikuwa kimya kuliko paka. Labda umeme wa Ilula una nguvu kuliko wetu. Au umeiweka karibu na debe. Isogeze.

Mimi ni mzima. Asubuhi kichwa kinaniuma kidogo, ni vumbi la mbao tu. Wifi yako kila nikiamka ananiuliza kikwao kama nimelala salama, "Ugonile?" Namjibu "Ndaga," yaani asante, tunakunywa chai.

Aroni

---

Ilula, 16 Juni 2024

Kaka,

Hapa ni baridi, tumeanza kuota moto mchana. Naendelea vizuri. Kusinzia kunanirudia mara mojamoja, si sana, usijali.

Bertha ananisumbua. Anasema mashine ya kupumulia si kitenge, eti huwezi kuazimwa na ndugu ukajifunga tu, lazima daktari akuone kwanza. Nimemwambia kaka yangu ameitumia miaka mitano na anaijua kuliko hao madaktari. Lakini nakuuliza na wewe, nisiende hata mara moja kwa huyo daktari wako? Ningepanda basi la Jailos, nikupitie, twende wote.

Damari

---

Soweto, 4 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Nimechelewa kukujibu. Usiende kliniki. Ukifika na mashine hiyo wataitambua, watasoma kadi, watauliza imefikaje kwako, na mwisho watakunyang'anya. Watu wa hospitali wana sheria zao, hawajui mambo ya ndugu. Kaa nayo kimya. Kama kusinzia kunarudi, kaza mikanda.

Usishtuke ukiona mwandiko umepinda. Msumeno uliniteleza mwezi wa saba, umekwenda na ncha ya kidole kidogo cha kushoto. Ni kidole ambacho sikuwa nakitumia sana. Lakini kushikilia karatasi kwa mkono wenye bandeji ni kazi.

Wifi yako anaulizia mashine kila wiki. Nimemwambia kipuri kinatoka Dar.

Aroni

---

Ilula, 25 Agosti 2024

Kaka Aroni,

Msumeno haujawahi kukuteleza tangu ukiwa na miaka kumi na saba. Mimi nakujua. Ulikuwa unaranda mbao huku unaimba, macho umefumba kwa mbwembwe, na hukujichubua hata ukucha.

Niambie ukweli. Umepona kweli? Kama unaihitaji mashine, sema neno moja tu, kesho naiweka kwenye basi. Mimi sitaumia. Naapa sitaumia hata kidogo. Kuna jambo nataka kukueleza kuhusu hiyo mashine, lakini nakuomba kwanza unijibu wewe.

Damari

---

Soweto, 8 Septemba 2024

Damari,

Usithubutu kuirudisha. Nitaikataa stendi, Jailos atarudi nayo.

Ngoja nikuambie kitu ambacho sijawahi kukuandikia. Siku uliyomaliza kidato cha nne nilikuja na shati la kuazima, nikasimama nyuma kabisa ya ukumbi. Niliogopa utaona aibu kwa mikono yangu yenye gundi. Ukaniona, ukaja mbio, ukanishika mikono hiyohiyo mbele ya walimu. Tangu siku hiyo sijapata furaha kama hiyo mpaka mwaka huu, ninapokaa hapa nikijua kwamba mdogo wangu huko Ilula amelala, na amelala kwa sababu yangu. Usininyang'anye hiyo. Jambo lako hilo litakuwa la shukrani tena, nalo nimeshalipokea. Basi, yaishe.

Nimepona. Nina usingizi wa uzee tu. Jumamosi ya tarehe ishirini na moja nitapeleka fremu za madirisha Mbalizi kwa pikipiki, na nikirudi nitakununulia mchele wa Kyela, ule unaonukia. Mwambie Jailos apite.

Kaka yako,
Aroni

---

Soweto, Mbeya, 20 Oktoba 2024

Wifi Damari,

Nilifika salama kutoka huko, ila nimechelewa kukuandikia. Asante kwa siku zile nne. Umetupokea vizuri na umemsitiri kaka yako mahali pazuri, karibu na baba yake. Nikifumba macho naona ule udongo mwekundu.

Leo nakuandikia, maana nimegundua ninyi wawili mambo yenu mliyasema kwa barua.

Unakumbuka yule kijana wa bodaboda aliyekuja msibani? Alisema alikuwa nyuma ya Aroni tangu Mbalizi. Saa tisa mchana, barabara kavu, hakuna gari mbele wala nyuma. Anasema alimwona anainamisha kichwa taratibu kama mtu anayeomba, pikipiki ikatoka kwenye lami yenyewe, ikaenda mtaroni. Hakushika hata breki. Pale msibani watu walisema presha. Mimi nimelala na mwanaume yule miaka thelathini na moja, nikajua ni usingizi.

Basi Jumatano nikaenda kliniki kuulizia hiyo mashine iliyokuwa kwa fundi. Nilitaka kujua huyo fundi ni nani, kipuri gani kinachukua miezi minane. Nesi Devotha akanitazama, akafungua daftari, akasema, "Mama, hatujaiona mashine hiyo tangu mwaka 2022. Hakuna fundi." Akaongeza kwamba hakuna daktari aliyewahi kumwambia amepona. Akanionyesha barua ya Aroni aliyowajibu. Nimeisoma nimesimama.

Nikarudi, nikafungua sanduku lake la vifaa. Nimezikuta barua zako zote, zimefungwa kwa uzi pamoja na patasi.

Wifi, sitakudanganya, siku ya kwanza nilikuchukia. Nilijiuliza mtu anapokeaje pumzi ya mwenzake kwenye begi na hamuulizi mkewe. Mimi nilikuwa namsikia usiku anakatika, namtikisa, naye ananiambia, "Lala mama, kipuri kinakuja." Kila asubuhi namuuliza "Ugonile?" naye anajibu "Ndaga," na macho yamemwiva kama pilipili. Ungenipigia simu moja tu.

Halafu nikasoma tena pale unapoandika kwamba unalala kama mtoto mchanga, mezani husinzii. Nikasema sawa. Alichotaka amekipata. Kama pumzi yake imemponya hata mmoja, basi hakufa bure, na mimi nitaishi na hilo. Baki nayo mashine. Nesi nimempigia, anaomba tu uje nayo wasome kadi na kuweka upepo unaokufaa wewe, maana kumi na nne ilikuwa saizi ya Aroni. Anasema mgonjwa wa mashine hii ni wa kutazamwa kila baada ya miezi michache, siku zote, na Aroni angekuwa anatazamwa angekuwa hai. Alilia aliposema hivyo. Nami nikalia.

Niandikie tu mstari mmoja kwamba inakusaidia. Ndicho ninachohitaji.

Wifi yako,
Tusekile

---

Ilula, 27 Oktoba 2024

Wifi Tusekile,

Mstari huo siwezi kukuandikia.

Nimeivaa mashine hiyo usiku mbili tu. Usiku wa kwanza nilifunga mikanda kama kaka alivyoelekeza, nikabonyeza. Upepo ukanijaa mdomoni na puani kama mtu anayenizamisha. Barakoa ni kubwa, ilinifika mpaka chini ya kidevu. Na nilipogusa ile plastiki usoni nikamwona Eliezeri kitandani hospitalini, siku ile ya mwisho, anaivuta ya kwake atoe na mimi namrudishia. Nikaivua, nikatoka nje kutapika. Usiku wa pili haikufika dakika tano. Asubuhi nikaikunja, nikairudisha kwenye begi, nikaisukuma chini ya kitanda. Haijatoka hapo.

Hiyo trekta niliitunga. Mashine niliisikia kwa dakika chache nikiwa na hofu, nikaandika nilichokumbuka. Habari ya uso kunawiri niliitunga. Ya kulala kama mtoto mchanga niliitunga. Ninasinzia mpaka leo, Bertha ananifunga kanga mkononi anaivuta wateja wakija.

Kwa nini sikusema? Wifi, mimi sijawahi kumkatalia kitu Aroni. Alichonipa nilikula, nilivaa, nilisoma. Kumrudishia begi ni kumwambia zawadi yake imenishinda, na nilijua ataumia. Nikajiambia hakuna haraka, yeye amepona, mashine kukaa chini ya kitanda haimdhuru mtu. Ndivyo alivyoniandikia, amepona, nami nilitaka iwe kweli. Mwezi wa nane niliposikia kidole kimekwenda, nilichukua kalamu. Nikaandika nitairudisha. Nilikuwa nimeshaandika ukurasa mzima wa ukweli, nikauchana, nikaandika ule mstari wa "kuna jambo." Akanijibu nisimnyang'anye furaha yake. Nikakaa kimya. Hilo ndilo kosa langu kubwa, wala silifichi. Barua ile niliisoma tarehe kumi. Nilikuwa na siku kumi na moja za kuweka begi kwenye basi.

Tulimzika. Wewe ulilala siku nne kwenye kitanda changu, umejifunga kanga kichwani, na begi lilikuwa chini yako. Nilikuwa nakaa mlangoni nakutazama. Nilitaka kulitoa nikashindwa, kwa sababu wanawake walikuwa wamejaa, na kwa sababu mimi ni mwoga.

Hatukuibiwa na mtu, wifi. Kaka alijinyima hewa ili anipe mimi, na mimi sikuitumia. Mashine ilikuwa nzima, imelala chini ya kitanda, na sisi wawili tunasinzia kila mmoja kwake, tunaandikiana kwamba tunalala.

Begi namkabidhi Jailos kesho. Ndani utakuta na kanga uliyoisahau. Usinijibu kama huwezi.

Damari

---

Soweto, 18 Novemba 2024

Damari,

Nimekaa wiki tatu bila kuandika. Barua yako niliitupa, nikaiokota, nikaitupa tena. Iko hapa.

Jumatano nilipeleka begi kliniki. Devotha alichomoa kadi, akaitazama muda mrefu, akageuza kompyuta nione mwenyewe. Tarehe 18 Februari, usiku wa mwisho wa Aroni kuivaa, alilala saa saba na dakika arobaini, bila pumzi kukatika hata mara moja. Kisha siku za kwenye basi. Kisha dakika kumi na moja. Kisha dakika nne. Halafu sifuri, mstari baada ya mstari. Alizihesabu kwa sauti kwa sababu nilimwomba: usiku mia mbili arobaini na nane.

Nilimuuliza, kama mmoja wenu angekuja hapa hata mara moja, mngejua? Akasema, "Mama, tungejua kabla hajakaa kwenye kiti." Mwezi wa tatu tu wangejua. Wangemwita Aroni, wangempigia kelele, na wewe wangekutafutia barakoa ndogo na upepo mdogo. Tungekuwa tunacheka sasa hivi.

Nimemwomba anichapie ule ukurasa wa tarehe 18. Nimeubandika ukutani upande wake wa kitanda.

Sijakusamehe. Nakuambia hivyo kwa sababu nimechoka na watu wanaonidanganya kwa kunipenda. Labda nitakusamehe, labda itachukua muda. Lakini sitazika wawili kwa mashine moja. Devotha amekuandika Jumatano ya tarehe nne Desemba, nafasi ya kwanza. Utalala hapa kwangu. Usipokuja nitakuja mwenyewe hapo mezani kwako nikuburute mbele ya wateja.

Njoo hata kama hatutazungumza.

Tusekile

---

Ilula, 9 Februari 2025

Kaka Aroni,

Kamwene. Barua hii naiandika kama kawaida yetu, lakini naiweka kwenye begi jeusi, njia yake sasa ni fupi. Begi linakaa kando ya mto wangu.

Nilikwenda Mbeya. Wifi alinipokea stendi, akanibebea mzigo mpaka nyumbani. Alinipikia ndizi. Siku ya pili tukasema mengi, mengine mabaya. Siku ya tatu alinisuka nywele.

Huyo Devotha wako alinipima usiku kucha kwa nyaya. Kaka, koo letu si moja. Mimi kwanza walinipa barakoa ya kushika kwa mkono tu, niiweke usoni nikiwa macho, dakika tano kwa siku, huku wifi ananisimulia umbea wa mtaani. Wiki mbili nilifanya hivyo. Kisha wakanifungia ndogo, ya puani peke yake, haigusi mdomo, simwoni Eliezeri. Upepo wa mashine yako wameushusha, wangu ni saba. Nusu ya wako. Ulikuwa unanilisha chakula cha mtu mwingine.

Nimekwenda kliniki mara mbili tangu hapo na nitakwenda tena tarehe tano Machi. Nimewauliza mpaka lini, daktari akasema mpaka nitakapoacha kulala. Benchi ni gumu kama ulivyosema. Jumatano nilikaa tangu saa mbili mpaka saa sita, daktari akachomoa kadi, akatazama, akasema, "Vizuri mama, endelea hivyohivyo." Ni maneno manne kweli, niliyahesabu. Nililia pale mbele yake, maskini hakujua amekosea wapi.

Mezani sisinzii. Bertha amechukua kanga yake.

Na ulisema kweli, kaka. Haingurumi. Iko kimya kuliko paka.

Mwaka jana nilikuandikia nalala kama mtoto mchanga, ukaitunza barua ile na patasi zako, ukaiamini. Wifi amenirudishia. Nimechukua kalamu nyekundu, nimepiga mstari chini ya maneno yale, kama ulivyokuwa unanifanyia nikiwa bweni. Halafu jana nimelala. Saa sita na dakika kumi na mbili, kioo cha mashine kimeandika na kadi inayo, utauliza kwa Devotha kama huniamini.

Nimelala, kaka. Safari hii ni kweli.

Mdogo wako,
Damari